Mahojiano Ng'ambo ya Korongo

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika shuleni nimekaa juu ya magunia ya vitunguu saumu, nyuma ya lori lililokuwa likipandisha kutoka Dongobesh, huko Mbulu. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba sikuliona jengo lolote mpaka dereva aliponiambia nishuke. Nilikuwa msichana wa Gitting, nimetoka chuoni na stashahada yangu ya ualimu, na nilikuwa nimevaa viatu vya kisigino ambavyo dada yangu alinichagulia kwenye mitumba ya Katesh. Nilinuka vitunguu kuanzia kichwani hadi miguuni.

Mkuu wa Shule alikuwa amesimama mlangoni kwake, mzee mrefu mwenye koti zito ambalo sikuwahi kumwona amelivua, hata mwezi wa kumi na mbili.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Wewe ndiye wa Jiografia?"

"Ndiyo, Mkuu."

"Unajua kutembea?"

Nilidhani ananitania kwa sababu ya viatu. Nikajibu kwamba ninajua.

"Vizuri. Kufundisha tutakuelekeza. Mimi ninataka mtu wa kutembea, maana hawa watoto wanajua mito ya Ulaya yote na hawajui kijito kinachopita nyuma ya bweni lao kinatoka wapi. Kesho uwatoe nje."

Ndivyo nilivyoajiriwa, naweza kusema, kwa miguu yangu kuliko kwa cheti changu. Kazi niliyopewa siku ile niliifanya mpaka nilipostaafu, katika shule mbili na chini ya wakuu watatu: kuwaongoza wanafunzi wa kidato cha sita katika utafiti wao wa kuhitimu. Nimefundisha mengine pia, ramani, hali ya hewa, miamba, lakini mtu akiniuliza nilikuwa nani, hili la utafiti ndilo ninalolitaja kwanza, na ninalitaja kwa sauti.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Dongobesh maduka yalikuwa yanaota kila wiki, redio za betri, sabuni za rangi rangi, masweta ya Wazungu, lakini vitabu shuleni hakuna. Darasa zima lilisoma kitabu kimoja kilichong'oka jalada. Mkuu akaona kwamba kama vitabu havipo, watu wapo, na watu wanaweza kuulizwa. Akaweka sheria ya shule: kila mwanafunzi wa kidato cha sita ataingia vijijini, atachunguza jambo moja, ataandika ripoti, kisha ataitetea mbele ya jopo. Kutetea maana yake ni kusimama mbele ya walimu na mgeni mmoja wa kutoka nje, ukajibu kila swali wanalokutupia. Ambaye hakutetea hakusimama kwenye mahafali, na cheti cha shule hakupewa.

Nyinyi vijana mnaonisoma mna simu, mnabonyeza mnapata. Sisi tulianza na mada, yaani jambo unalotaka kulijua. Kutoka kwenye mada tulichonga swali moja, na kulichonga hilo swali peke yake kulichukua majuma, maana nililikataa kila mara. Kisha tuliandaa dodoso, ile karatasi ya maswali anayokwenda nayo mwanafunzi nyumba kwa nyumba. Kisha tukachagua sampuli: huwezi kuwauliza watu wote wa kijiji, kwa hiyo unachukua nyumba ya tano, ya kumi, ya kumi na tano, ukifuata njia bila kupendelea. Halafu ndipo unakwenda uwandani, kule nje waliko watu wenyewe. Neno hilo nililipenda mno, na wanafunzi wakanipa jina la Madam Uwandani. Walidhani silijui.

Nilikuwa mkali, sitajitetea. Nilikuwa na amri mbili ambazo mwanafunzi wangu akizivunja nilimrudisha mwanzo kabisa. Ya kwanza, nyumba iliyoangukia kwenye sampuli haibadilishwi. Kama mbwa ni mkali, subiri mwenye mbwa. Kama mwenyewe yuko shambani, nenda shambani. Ukianza kuchagua nyumba zenye chai, utafiti wako umekuwa matembezi ya jioni. Ya pili, alichokuambia mtu ni siri yake. Unaandika maneno, huandiki jina, na hakuna jirani atakayejua nani alisema nini. Amri hizo mbili ziliishi pamoja kwa amani miaka mingi.

Baada ya muda nilihamishiwa Hanang, shule ya chini ya mlima, ambako wanafunzi wangu wengi walitoka kwenye familia za wafugaji. Mkuu wa Shule wa kule alikuwa amepitia jeshini na alituita walimu kwa filimbi. Nakumbuka kijana mmoja wa Dirma, jina lake Gidamis, aliyetaka kuchunguza malisho. Dodoso lake lilianza na swali la idadi ya ng'ombe. Alirudi baada ya siku nzima na karatasi nyeupe, maana kwao mtu hataji idadi ya mifugo yake mbele ya mgeni, na mzee mmoja alimwambia kwamba anayehesabu ng'ombe wa mwenzake anawatakia mabaya. Gidamis alikuwa mtoto wa watu hao hao na alilijua jambo hilo tangu tumboni, ila alidhani ukishika karatasi ya shule mambo hayo yanaondoka. Akakaa chini akafuta swali. Badala yake akauliza, "Ng'ombe wakirudi jioni, ndama wanapata nafasi ya kulala?" Wazee wakamwambia yote, na ripoti yake niliisoma mara mbili kwa raha tu.

Kisha mkoa ukagawanywa, Manyara ikazaliwa, barua zetu zikaanza kuelekea Babati, na mimi nikarudishwa Mbulu kwenye shule ile ile niliyoanzia. Mzee wa koti alikwisha kustaafu. Mkuu mpya alikuwa kijana, msafi, mwenye haraka. Alinipokea vizuri, lakini kuhusu utafiti alikuwa na mawazo yake.

"Madam, watoto hawa wanatafuta divisheni nzuri ya mtihani," aliniambia. "Hawatafuti shahada ya udaktari."

"Watapata vyote viwili," nikamjibu. Hakucheka.

Mwaka huo ndipo alipokuwepo Hedwiga. Alikuwa binti wa Dongobesh, mama yake akiuza mbegu na majembe pale sokoni, na yeye ndiye alikuwa wa kwanza katika ukoo wao kufika kidato cha sita. Alitaka kwenda chuo cha ualimu, na chuo hakimpokei mtu bila cheti cha shule yake. Kwa hiyo kwake utafiti ule ndio ulikuwa mlango. Hakuwa na kelele, ila alikuwa haambiliki akishaamua jambo, na kwa kuwa hata mimi siambiliki, tulielewana.

Swali lake lilinifurahisha tangu siku ya kwanza. Katika kijiji kimoja bondeni, chini ya shule, palikuwa pameletwa maji ya mserereko, yaani maji yanayoteremka yenyewe kwa bomba kutoka kwenye chemchemi ya juu bila mashine. Bomba lilikuwa katikati ya kijiji, na maji yalikuwa safi. Hata hivyo Hedwiga alikuwa amewaona wanawake wachache wakipita pembeni ya bomba hilo na ndoo tupu, wakishuka mpaka kwenye dimbwi wanakonywea ng'ombe. Akataka kujua kwa nini. Kamati ya maji ilisema ni uvivu wa kuzoea. Mkuu alisema ni ujinga. Hedwiga alisema, "Sijui bado."

Aliingia uwandani juma la mwisho kabla ya jopo. Siku ya pili akanijia nyumbani jioni, uso umemshuka.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Mbona umewahi kurudi?"

"Nyumba ya kumi na tano siwezi kuingia."

"Mbwa?"

"Hapana, Madam. Ni kwa Mama Tarmo. Amefiwa na mumewe. Yuko metimani."

Kwa msomaji wa mbali nieleze. Kwetu sisi Wairaqw, msiba ukiingia nyumbani, nyumba ile hukaa kando kwa muda, na muda unategemea ni nani aliyefariki. Hiyo ndiyo metimani. Wa humo haendi kwa jirani na jirani haingii kwake, hawashiriki chombo, mifugo yao hailishwi pamoja, na maji hachoti pale wanapochota wengine mpaka siku watakapotolewa. Makanisa yameipunguza sana, na watoto wa Dongobesh wengi wanaisikia kwa bibi zao tu, lakini kule bondeni ilikuwa bado inashikwa, tena na watu wanaokwenda misa kila Jumapili. Hedwiga akiingia kwa Mama Tarmo, nyumba zote zilizobaki zingemfungia milango, na wasingekosea kwa jinsi wanavyoliona jambo hilo.

Na mimi nilikwisha kuelewa, kama alivyoelewa yeye, kwamba jibu la utafiti wake wote lilikuwa ndani ya nyumba hiyo.

Mkuu alipopata habari alitoa ufumbuzi papo hapo. "Aende nyumba ya kumi na sita. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," nikasema. "Na yeye atajua, na atakuwa mwalimu."

"Madam, jopo ni Ijumaa. Mkaguzi wa Kanda anakuja mwenyewe. Dodoso likiwa na pengo atalirudisha, na mtoto atakosa mahafali. Utamweleza nini mama yake?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Nilitoka ofisini nimefura, nikamwambia Hedwiga kesho asubuhi twende wote.

Nyumba ya Mama Tarmo ilikuwa ng'ambo ya korongo dogo, na njia ya kijiji ilipita upande wetu. Tulimwona yuko nje anapepeta maharage. Hedwiga akasimama ukingoni, akashika dodoso lake kwa mikono miwili, akapaza sauti. Alisalimia kwa Kiiraqw kama mtoto anavyomsalimia mama yake mdogo, akampa pole ya msiba, akajitambulisha yeye na mimi, akasema amekuja kuuliza habari za maji.

Mama Tarmo akaweka ungo chini. Upande wetu, kwenye mashamba yote ya mteremko ule, majembe yakaacha kusikika.

Hapo ndipo nilipoona amri zangu mbili zikigongana. Nyumba ya kumi na tano haibadilishwi, ndiyo. Lakini siri ya mhojiwa iko wapi, ikiwa nusu ya kijiji inasikiliza? Nikamgusa bega Hedwiga nimwambie aache. Yeye alikwisha kuliwaza hilo kabla yangu.

"Mama," akaita, "watu wanasikia! Nisubiri mpaka utolewe, nije tukae jikoni kwako, tuongee wawili tu?"

Yule mama akapanda juu ya rundo la udongo lililokuwa kando ya shimo la mbolea, akasimama wima, na sauti yake ikavuka korongo bila shida.

"Nikishatolewa nitachota bombani kama wenzangu! Hayo maswali yako yatakuwa ya nini tena? Uliza sasa hivi!"

Hedwiga akauliza. Aliuliza maswali yote, moja baada ya jingine, akiandika huku amepiga goti moja, na kila jibu lilikuja kwa sauti ya kusikika hadi kanisani. Maji anachota kwenye dimbwi. Ndiyo, ng'ombe wanaingia humo humo. Ndiyo, anachemsha, kuni zikiwepo. Mtoto mdogo amekuwa akiharisha tangu mvua zikatike. Hedwiga alipofika kwenye swali la mwisho, la maoni ya mhojiwa, akaniangalia. Nikamwambia amalize.

"Mama, unataka kifanyike nini?"

"Mila siikatai!" Mama Tarmo akajibu, na safari hii hakuwa anatuangalia sisi, alikuwa anaangalia mashamba. "Marehemu anastahili. Lakini bomba lina mdomo mmoja. Mbona msilitie wa pili, kando huko, kwa ajili ya tulio na msiba? Leo ni mimi. Kesho ni nyumba ya nani?"

Tulirudi shuleni tukipandisha mlima, na mimi, ambaye nilikuwa nimeongoza tafiti nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, nilikuwa na roho juu. Sikuwa na hofu juu ya Mama Tarmo. Nilikuwa ninaifikiria Ijumaa.

Jopo lilikaa katika chumba cha maabara. Mkaguzi wa Kanda alikuwa mtu wa makamo, mpole wa sauti, na hao wapole ndio ninaowaogopa. Mwalimu aliyemwongoza mwanafunzi hukaa nyuma na haruhusiwi kusema neno. Sheria hiyo aliitunga yule Mkuu wa kwanza, na sijapata kuichukia kama siku ile. Hedwiga aliwasilisha ripoti yake. Iliandikwa kwa Kiingereza, sauti iliyokuwa ndani yake ilikuwa ya Kiiraqw, na maswali yalipoanza wote tulihamia kwenye Kiswahili.

"Nyumba ya kumi na tano," Mkaguzi akasema. "Umehojije?"

"Kwa kupaza sauti, mzee. Ng'ambo ya korongo."

Mwalimu wa Fizikia akaficha kicheko kwenye leso. Mkaguzi hakucheka.

"Mbinu hiyo umeisoma katika kitabu gani?"

"Sijaisoma, mzee. Ndiyo iliyowezekana."

"Na siri ya mhojiwa? Umefundishwa kwamba ni siri?"

"Nimefundishwa, mzee."

"Sasa umeivunja mbele ya kijiji kizima. Kwa kosa hilo peke yake ningeweza kukurudisha ukaanze upya. Unalijua hilo?"

Nilishika ukingo wa benchi. Mkuu wa Shule alinitazama kwa jicho la "nilikwambia". Hedwiga alikuwa amekunja mikono nyuma.

"Ninalijua, mzee. Ndiyo maana nilimuuliza kwanza kama nisubiri mpaka atolewe metimani, tukae ndani. Akasema akitolewa atachota bombani, maswali yangu hayatakuwa na maana. Akapanda juu ya udongo ili asikike. Mzee, siri ni ya kwake. Mimi nilikuwa nimeitunza, na yeye hakuitaka."

Mkaguzi akafungua ripoti, akatafuta ukurasa, akasoma kimya kimya muda mrefu hivi kwamba nilisikia mpishi akigombana na mtu jikoni. Kisha akasoma kwa sauti, akilitafsiri lile alilolikuta katika sura ya tatu, ile ya mbinu: "'Mahojiano kwa kupaza sauti, majirani wakisikia, kwa ridhaa ya mhojiwa aliyepewa nafasi ya kusubiri akaikataa.' Umeandika wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, mzee."

"Mwalimu wako hakukuambia uandike 'mahojiano ya ana kwa ana' ili mambo yaishe?"

"Angenifukuza, mzee."

Hapo chumba kizima kikacheka, na Mkaguzi naye. Akaifunga ripoti, akaweka kiganja juu yake. "Nimesoma ripoti nyingi ambazo kila kitu kilikwenda sawasawa," akasema, "na sikuziamini. Hii ninaiamini. Amefaulu."

Nililia. Sioni aibu kulisema. Nililia pale pale kwenye benchi la maabara, mimi Madam Uwandani niliyeogopwa na mabweni yote, na Mkuu kijana akaniletea maji ya kunywa kwa mkono wake. Tangu siku hiyo hakuzungumza nami tena habari za divisheni, na mwaka uliofuata alikuja uwandani pamoja nasi, akateleza kwenye tope, akacheka.

Hedwiga alisimama kwenye mahafali na gauni alilolishona mama yake. Mama Tarmo hakuja, siku zake za kutolewa zilikuwa hazijafika. Baada ya mavuno, kamati ya maji ilivuta bomba jingine kutoka kwenye lile la katikati, likakaa kando ya njia, mbali na foleni ya watu, kwa ajili ya nyumba yoyote yenye msiba. Hatukuwaomba. Waliofanya hivyo ni wale waliokuwa na majembe mkononi asubuhi ile.

Nimestaafu sasa. Ninaishi Gitting, nina shamba la ngano na magoti mabovu, na wanaonitembelea huniuliza kama kazi ya ualimu ililipa. Ninawajibu kwamba ninawajua watu katika kila kata ya wilaya hizi mbili walionijibu maswali ya watoto wangu, na wao wananijua. Walimu vijana huniambia siku hizi wanafunzi wananakili tafiti za wengine mtandaoni, wanabadilisha jina la kijiji. Najua. Sisi pia tulikuwa na wa kunakili. Ninawaambia wawatoe watoto nje, wawasimamishe ukingoni mwa korongo fulani, wawaache waone aibu kidogo. Ninajivunia kila aliyepita mikononi mwangu, hata wale niliowarudisha mwanzo mara tatu. Hedwiga ni mwalimu, na nasikia ni mkali.

Mwaka jana nilikwenda Mbulu kumzika mwalimu mwenzangu, nikashuka kidogo bondeni kuona. Mabomba yote mawili yapo. Metimani haishikwi tena kama zamani, na watu wanachota popote. Kwenye bomba la kando nilimkuta msichana wa shule ya msingi akikinga maji kwenye ndoo ya njano.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu niambie, kwa nini hapa wameweka mabomba mawili?"

"Ili foleni iwe fupi."

"Nani amekuambia?"

"Naona tu."

Nikacheka mpaka akaniangalia kwa wasiwasi. Kisha nikamwonyesha nyumba ng'ambo ya korongo, ambako mama mmoja aliyezeeka alikuwa anaanika maharage.

"Nenda kamwulize yule," nikamwambia. "Usipige kelele hapa. Vuka, ingia ndani, ukae naye jikoni."

Akafunga koki, akaacha ndoo yake, akavuka.